Chini ya Lori la Mzee Egidius

Agnella aliliogopa lile lori tangu siku lilipoingizwa uani likivutwa na trekta. Hakuona aibu kulisema jambo hilo kwa jirani, kwa muuza vocha, hata kwa katekista. Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakumwambia, naye ndiye hasa aliyepaswa kuambiwa: mwenye lori, Mzee Egidius, baba wa mumewe. Mkwe hamwambii baba mkwe kwamba anaogopa kitu chake. Mkwe husema "ndiyo baba," kisha huenda jikoni akaogopee huko.

Lilikuwa Bedford la jeshi, la zamani, bonge la lori. Mzee aliwahi kuwa dereva wa jeshi enzi za vita vya Kagera, akaendesha lori kama lile hadi ng'ambo ya mpaka na kurudi mzima. Miaka mingi baadaye, akiwa na mvi zake na shamba lake la mpunga, alilikuta hilo limetupwa nyuma ya karakana moja njia ya Mikumi, majani yameota kwenye bodi. Alilizunguka mara mbili bila kusema neno. Wiki iliyofuata lilikuwa nyumbani kwake Ifakara, na kuku wakakosa pa kuchakura.

Mwaka wa pili ulikuwa unakwisha. Kutu aliipiga msasa kwa mkono wake mwenyewe. Mbao za bodi alizichonga upya. Rangi ya kijani ya jeshi alishaonywa asiithubutu, yeye sasa ni raia, basi lori likabaki na rangi nyekundu ya kuzuia kutu, likaonekana kama mbuzi aliyechunwa. Januari injini iliwaka kwa dakika nne nzima. Majirani walipiga vigelegele, moshi ukaingia mpaka kwenye chungu cha mboga, na mzee akaenda nyuma ya nyumba akakaa huko peke yake. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na Agnella akajifanya anaamini ni moshi.

Kilichomtia hofu si moshi. Ni jinsi lori lilivyosimama. Magurudumu ya mbele yalikuwa yametolewa, ekseli imekalishwa juu ya minara miwili ya matofali ya kuchoma. Ifakara tofali ndiyo kila kitu: ni ngazi, ni jiko, ni kiti cha mgeni. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuona tani kadhaa za chuma zimekalia tofali. Agnella peke yake ndiye aliyekuwa akipita pale akiitazama ile minara kwa jicho la pembeni, akizisoma nyufa.

Mumewe, Lukelo, alikuwa kwenye mashamba ya miwa kule Kidatu na alikuwa akirudi kila mwisho wa mwezi. Kila akiondoka aliacha maneno yaleyale: "Mwangalie baba. Asiingie chini ya gari peke yake."

Rahisi kusema. Amwangalieje? Katika ukoo ule baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani, hata mkono wa salamu. Agnella alipiga goti hatua tano mbali, akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba, siku ikaanza. Jina lake hakuwahi kulisikia kinywani mwa mzee. Aliitwa mkwe, basi. Na mzee akiwa amevua shati au amelala, mkwe hugeuza uso na kupita kama hakuona kitu. Kwao Mofu, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mpunga kando ya mto, mambo hayakuwa makali hivyo. Lakini siku ya ndoa shangazi Leticia, dada wa mzee, alimkalisha chini akamweleza moja baada ya jingine, naye akayashika yote. Alitaka kupendwa katika nyumba ile, na heshima ndiyo njia aliyoonyeshwa.

Basi walikuwa na utaratibu wao, ambao hakuna aliyewahi kuutamka. Mzee akitaka kuingia chini ya lori aligonga spana mara mbili kwenye bampa. Agnella alichukua mboga zake, akakaa barazani na kumpa mgongo, akasikiliza. Akisikia chuma kinagongana na chuma, alijua mzee yu hai. Akitoka, mzee aligonga tena mara mbili, na Agnella alirudi jikoni akiwa amekata mchicha mwembamba kuliko nywele.

Asubuhi ile ya Aprili hakugonga.

Mvua ilikuwa katika siku ya tisa. Mto Lumemo ulikuwa umeshapasua kingo zake usiku, na kulipokucha barabara ya mbele ya nyumba ilikuwa maji, ya rangi ya chai ya maziwa, yakienda polepole kama yenye safari ya mbali. Watu walikuwa wanahamia shuleni, palipoinuka. Agnella alishapandisha magunia sita ya mpunga wa mwaka jana juu ya vitanda, akawa jikoni anasonga ugali wa haraka waondoke wameshiba.

Ndipo alipomwona kupitia mlango wa jikoni. Mzee alikuwa amevua shati na viatu, amebaki na kaptula, anainama mbele ya lori. Jana yake alikuwa amefungua mfuniko wa chini wa gia boksi. Tope likiingia mle ndani, miaka miwili imekwenda na maji. Alilala chali kwenye matope, akatanguliza kichwa chini ya bampa, akaanza kujisukuma kwa visigino.

Agnella aliona yote hayo. Kisha akageuza uso. Hakuamua kuugeuza, uso uligeuka wenyewe, kama ulivyofunzwa. Mzee hana shati, mzee hakugonga, kwa hiyo mkwe hakuona. Akarudi kwenye sufuria yake.

Kishindo kilichofuata hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kizito na kifupi, mithili ya gunia linapoangushwa ghalani. Baada yake ikabaki mvua tu juu ya bati.

Alisimama na mwiko mkononi akisubiri kikohozi. Akasubiri spana. Moyo ulikuwa unamwambia kimbia, na mafunzo yote ya shangazi Leticia yanamwambia utamkuta vipi, utatazama wapi. Alisimama hivyo muda wa kutosha kugeuza ugali mara tatu, na ugali wenyewe ukaanza kuungua.

"Mkwe," sauti iliita. Haikupiga kelele. "Mkwe, njoo."

Mnara wa kushoto haukuwapo. Ulikuwa umezama wote, ardhi imeumeza, na pembeni ya pale palipokuwa tofali maji yalikuwa yanabubujika mapovu meusi yenye harufu. Hapo Agnella akaelewa. Kilikuwa choo cha zamani. Mzee mwenyewe alikichimba kabla Lukelo hajazaliwa, kikajaa, kikafukiwa, kikapandwa mgomba, kama kila mtu afanyavyo. Mgomba ukazaa, ukazeeka, ukang'olewa, na watu wakasahau. Mtu aliyekumbuka kila boliti ya Bedford alisahau shimo alilolichimba kwa mikono yake.

Upande wa kushoto wa ekseli ulikuwa umeshuka juu ya paja la mzee na kulididimiza kwenye tope. Mbele ya bampa ilionekana miguu yake tu, kuanzia magotini. Upande wa kulia mnara ulikuwa bado umesimama, lakini umeegemea, kama mlevi anayetafuta ukuta.

Agnella alipiga magoti kwenye maji akachungulia. "Baba! Umeumia?"

"Mguu wa kushoto. Siusikii." Kisha akaongeza: "Sina shati, mkwe."

Mtu kaangukiwa na lori, anamwarifu mkwewe kwamba hana shati! Ungekuwa umesimama mbali ungecheka. Agnella hakuwa mbali. Aliona kichwa cha mzee kule ndani, chini ya gia boksi, mahali ardhi ilipoinama, na maji yalikuwa yamemfika masikioni.

"Lete jeki," alisema mzee. "Weka ubao chini kwanza."

Alileta jeki, akaweka ubao, akapampu kama alivyoelekezwa. Jeki ilipanda, ikagusa ekseli, akapampu tena, na badala ya lori kwenda juu ubao ulikwenda chini. Tope liliumeza bila haraka. Aliweka ubao wa pili juu ya wa kwanza, nao ukafuata. Fimbo ya jeki ilimponyoka majini, akaitafuta kwa kupapasa.

"Acha," mzee alisema. Alikuwa amefundisha madereva wengi, na sauti yake sasa ilikuwa ile ya kufundishia. "Nisikilize. Chukua nguo zako uende shuleni kwa wenzako. Mwambie Lukelo injini ni nzima."

"Baba, siwezi..."

"Ni amri."

Katika miaka mitatu ya ndoa Agnella hakuwahi kukataa neno la mzee yule. "Ndiyo baba," akasema, akainuka, akakimbia, maji ya barabarani yakimpiga mapajani. Hakukimbilia shuleni.

Alimkuta Minza, jirani yake Msukuma, mwanamke mwenye mabega ya kubeba magunia, amerudi kuchukua masufuria yake baada ya kuwapeleka ng'ombe mahali pa juu. Agnella hakumaliza hata sentensi. Minza alitupa masufuria, akashika jembe, akaanza kupiga mwano wa kwao, ule ukelele wa kuita msaada. Mwano ule uliwavuta watu wanne: Tadei wa bodaboda na vijana watatu waliokuwa wanahamisha magodoro.

"Hili tunanyanyua tu," alisema Tadei, akitema mate mikononi. "Shikeni bampa. Moja, mbili..."

"Tadei, ngoja kwanza," alisema Agnella.

"Tatu!"

Lori halikunyanyuka. Lilisogea pembeni kiasi cha upana wa kidole, na mnara wa kulia ukatema tofali tatu, pu, pu, pu, ndani ya maji. Na kutoka chini ikaja sauti ambayo Agnella hakujua kama mzee anayo. Alikuwa analia kama mtoto anayechomwa.

"Acheni! Acheni!"

Wakaachia. Wakasimama, wanaume wazima, wamezikodolea macho zile tofali zilizobaki. Hakuna aliyetaka kupumua kwa nguvu.

"Trekta," alisema kijana mmoja.

"Matrekta yote yako kule yanavuta watu. Na barabara imekatika," alisema Minza.

Agnella alichungulia tena. Maji yalikuwa shavuni. Mzee alikuwa amenyanyua kidevu na shingo inamtetemeka kwa kuchoka. Agnella aliona kwamba ile shingo ikichoka kabisa, basi, hakuna mwingine wa kuishikilia. Alitaka mtu aje aseme la kufanya. Akatazama nyuso zile tano, na zote zilikuwa zinamtazama yeye.

"Gari halitapanda," alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Basi yeye ashuke."

"Ashuke wapi?"

"Tuchimbe chini yake."

"Kwenye maji haya? Ukichimba shimo si linajaa?" Tadei aliuliza.

"Tunatoa maji kwanza. Kama kambale."

Minza alielewa kabla ya wengine. Kwao Agnella, Mofu, mto ukirudi nyuma huacha vidimbwi mbugani, na wanawake huzungushia kidimbwi ukuta wa tope, wakayafua maji kwa ndoo mpaka kambale wabaki wanagaragara. Agnella alianza kazi ile akiwa na miaka sita. Na kila mwenye jaruba la mpunga bondeni anajua kuinua tuta ndani ya maji. Kilichokosekana ni muda.

"Magunia," alisema. "Ndani, juu ya vitanda. Yaleteni yote."

"Ya mpunga?" aliuliza kijana. "Utaota huo, dada. Mtakula nini?"

"Lete!"

Magunia sita ya mpunga yalilazwa majini, nusu duara kuzunguka mbele ya lori, Minza akiyaziba mianya kwa tope na majani ya mgomba, vijana wakiinua tuta kwa majembe kutoka pembeni hadi pembeni. Kisha ndoo, beseni, hata ile sufuria ya ugali ulioungua. Waliyafua maji kwa nguvu hadi hayakuwa na muda wa kurudi. Polepole yalishuka, sikio la mzee likaonekana. Lakini tuta lilikuwa linavuja, na bila mtu wa kukishika kile kichwa lisingekuwa na maana.

"Lazima mtu aingie," Agnella alisema.

Njia ilikuwa moja, upande wa kulia, kwa kupita ubavuni mwa ule mnara uliolewa. Tadei aliitazama. "Mimi siingii," alisema, na hakuona aibu. "Nina watoto, dada. Nisamehe." Minza alikuwa na mwili usiopita. Vijana walitazama ndoo zao.

Agnella alivua kanga ya juu isije ikanasa. Alilala kifudifudi kwenye tope. Alipopita kwenye mnara bega lake liligusa tofali, nalo likacheza, kama jino la mtoto. Alibaki pale bila kusonga, uso tumboni mwa tope, akisema Salamu Maria na kusahau katikati, akianza tena na kusahau palepale. Juu yake kulikuwa na chuma kizima cha vita, kinadondosha oili mgongoni mwake. Aliomba asife kabla hajafika. Kisha akajivuta.

Mzee aligeuza macho akamwona. "Usiniguse," alisema. "Wewe ni mkwe wangu."

"Nisamehe, baba."

Akapitisha mkono chini ya shingo yake na kukinyanyua kichwa chake, akakilaza begani kwake.

Ngozi ya mzee ilikuwa baridi. Ndevu ambazo hazikunyolewa siku mbili zilimchoma mkononi. Kile kichwa kilikuwa kizito kuliko alivyotegemea, na mara tu kilipopata pa kuegemea, shingo ililegea yote. Mzee alifumba macho ili asione aibu yake, na Agnella naye akafumba yake, na kwa kitambo walikuwa hivyo, watu wawili wanaogopana kuliko wanavyoliogopa lori.

"Anza kuchimba!" Minza alipiga kelele kutoka nje.

Minza na Tadei walichimba kutoka mbele, wamelala chini, jembe likienda chini ya paja. Agnella alichimba kutoka ndani kwa bakuli alilosukumiwa na Minza, kando ya kiuno cha mzee, mkono mmoja tu. Mwingine haukutoka kwenye kichwa. Tope la bonde, ukichota bakuli moja linarudisha nusu. Alichota, akatupa, akachota. Hakutazama juu.

Kisha tuta likapasuka.

Alisikia vijana wakipiga kelele, na maji yakaja kwa mkupuo, yakamfunika mzee mdomo na pua kabla hajavuta pumzi. Agnella alitupa bakuli, akakishika kile kichwa kwa mikono miwili, akakivuta juu mpaka paji la uso la mzee likagonga chini ya gia boksi. Hapakuwa na nafasi zaidi. Upana wa viganja viwili, ndiyo hewa iliyobaki. Mzee alikohoa maji usoni kwake. Vidole vyake vilikuwa vinachimba tope kama vinatafuta mlango.

"Naogopa," mzee alisema. Alisema kwa sauti ndogo, karibu kabisa na sikio lake. "Mwanangu, naogopa."

"Hata mimi, baba."

"Nilipaswa kugonga. Niliona aibu, niko hivi, mtu mzima kwenye matope..."

"Nilikuona," alisema Agnella, na kilio kikamtoka. "Nilikuona unaingia, baba. Niligeuza uso. Nilikuona nikageuza uso!"

Maji yalicheza kwenye midomo ya mzee. "Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema mwishowe, kwa shida. "Hapa mkuu ndiye kavunjika." Na kifua chake kikatikisika. Agnella hakujua kama anacheka au anatetemeka kwa baridi.

Nje, kijana mmoja alikuwa amekaa yeye mwenyewe kwenye pengo la tuta, makalio na mgongo, maji yakimpiga, wenzake wakimzungushia tope kama wanaziba mfereji. Ndoo zikaanza tena. Maji yakasita. Yakashuka kidole, vidole viwili. Agnella aliokota bakuli.

Hakujua ilichukua muda gani. Alichojua ni kwamba ghafla kiuno cha mzee kilishuka, tope likafanya sauti ya busu, na mzee akapiga ukelele, kwa sababu mguu uliokuwa hausikii sasa ulikuwa unasikia.

"Umeachia!" Minza alifoka kwa furaha. "Vuteni! Vuteni polepole!"

Walimshika miguu, wakavuta. Mzee alianza kuondoka chini ya mkono wa Agnella, kiuno, kifua, akipita chini ya ekseli katika ule mfereji. Agnella alikuwa anamsindikiza kwa macho tu, akilia kwa nafuu, hana habari ya kitu kingine. Hakuusikia ule mlio, krr, krr, upande wake wa kulia.

Mzee alikuwa chali, macho juu. Yeye aliuona mnara ukicheza. Tofali moja lilichomoka kwenye mnara likamwangukia Agnella kwenye ugoko, kisha la pili. Njia aliyoingilia haikuwapo tena.

"Simameni!" mzee alipiga kelele kwa walio nje, lakini kelele zao zilikuwa kubwa kuliko zake na wakaendelea kuvuta. Basi akanyoosha mikono yote miwili nyuma ya kichwa chake, kule ndani, gizani. "Agnella! Nipe mikono! Agnella!"

Hakuwahi kulisikia jina lake likiitwa vile, na mtu yeyote. Akatoa mikono. Vidole vya mzee vilifunga kwenye viwiko vyake, vidole vya fundi, na maumivu yakamfika begani. Watu walikuwa wanavuta mtu mmoja, wakashangaa uzito umeongezeka. Minza akachuchumaa, akaona, akatoa sauti ya ng'ombe na kuvuta kwa mwili wake wote. Wakatoka wote wawili, mmoja nyuma ya mwingine, kupitia mfereji, vichwa vimejaa tope.

Mguu wa Agnella ulikuwa ndiyo kwanza umepita chini ya bampa lori lilipokaa. Halikuanguka kwa kishindo. Lilikaa tu chini, kwa uzito wake wote, likatoa mguno mmoja, na maji ya pale alipokuwa amelala yakaruka hadi kwenye paa la jikoni.

Tadei aligeuka pembeni akatapika.

Walimlaza mzee juu ya mlango wa stoo, wakamfunika kwa turubai, wakambeba kwenye maji mpaka barabara kuu. Huko walipata trekta lenye tela, lililojaa watu na mbuzi, linaelekea upande wa hospitali. Watu wakasogea. Minza alimpandisha Agnella kwa kumnyanyua kama mtoto, sambamba na ule mlango, kwa sababu hakuweza kuachana nao: mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshikwa na mzee.

Ndani ya tela walikuwamo wanaomfahamu. Mama mmoja wa jumuiya ya kanisani, anayewajua watu wa ukoo ule na mambo yao, alitazama ule mkono, akatazama uso wa mzee, akavuta kanga yake hadi mdomoni.

"Mzee," alisema Tadei kwa upole, "mwachie kidogo, tukufunge mguu vizuri."

Mzee hakumwachia. Macho yake yalikuwa wazi, yanatazama mvua, na alikuwa anatetemeka mfululizo, meno yakigongana. Kila tela liliporuka kwenye shimo vidole vyake vilikaza zaidi. Mkono wa Agnella ulikuwa umekufa ganzi tangu uani, na hakusema.

Simu ya Minza ililia. Alitazama, akaiweka kwenye sikio la Agnella.

"Agnella?" Ilikuwa sauti ya Lukelo, na nyuma yake kelele za watu wa Kidatu. "Nasikia Lumemo imefurika. Napiga simu yako haipatikani. Mko salama? Baba yuko wapi? Umemwangalia?"

Alitaka kumweleza kwa mpangilio, tangu mwanzo, tangu mlango wa jikoni. Alifungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa hicho.

"Amenishika mkono," alisema.

Lukelo alizaliwa katika ukoo ule, hakuhitaji kuelezwa. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imebadilika, kama ya mtu anayetafuta pa kukaa.

"Anasemaje?"

Agnella alimtazama mzee. "Hasemi kitu," alijibu. "Amenishika tu. Lukelo, njoo. Bado anaogopa."